Kichaka Usichokijua Usikikate kwa Haraka

Ipo desturi inayonisikitisha hapa Lamu: mtu anahamia nyumba ya zamani, anakuta uani kichaka asichokijua, na kabla hajamaliza kupanga vyombo ameshamwita kijana mwenye panga akifyeke mpaka chini. Naona kichaka cha namna hiyo kinastahili kuachwa mpaka kitoe maua, kwa kuwa ua na tunda huutambulisha mmea kwa uhakika zaidi kuliko jani peke yake, na panga likishapita hakibaki cha kumwonyesha mjuzi.

Wakati wa kungoja, yatazamwe majani yalivyokaa kwenye tawi. Mhina una majani madogo yanayoelekeana mawili mawili, matawi yake makuukuu huweza kuota miiba, na vishada vyake vya maua meupe hunukia vizuri, kisha huzaa vitunda vikavu vya mviringo vilivyojaa mbegu ndogo. Oleanda, inayopandwa kwa uzuri wa maua yake ya waridi au meupe, ina majani marefu, membamba na magumu, ambayo mara nyingi hutoka matatu matatu mahali pamoja. Mnyaa huonekana kama vijiti vya kijani vitupu, na ukivunjika hutoa utomvu mweupe unaoweza kulidhuru vibaya jicho.

Oleanda ndiyo inayonitia hofu zaidi. Sehemu zake zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, sumu hiyo haiondoki matawi yanaponyauka, na hata moshi wake hudhuru. Katika mji ambao punda ndiye mchukuzi wetu na hula anachokikuta vichochoroni, kuyatupa nje matawi ya kichaka kisichotambuliwa ni kumhatarisha mnyama asiye na kosa na kumtia hasara mwenyewe.

Waulizwe kwanza akina bibi wa mtaani, kwani huenda mmoja wao alikuwapo kilipopandwa. Wakishindwa, tawi lenye jani, ua na tunda likandamizwe baina ya magazeti mpaka likauke, maana Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana hifadhi ya mimea iliyokaushwa kule Nairobi, na wataalamu hutambua mimea kwa vielelezo vya namna hiyo.

Kikishajulikana, kupogoa si kazi ngumu. Mhina huvumilia kukatwa sana, hasa mvua za masika zinapokaribia, kwa sababu huchipua upya kwa nguvu. Kama jina bado halijapatikana na kichaka kinaziba njia, yaondolewe matawi makavu na yanayosuguana, kisha yapunguzwe mengine mara tu maua yanapokwisha, bila kuzidi thuluthi moja kwa msimu, maana vipo vichaka vinavyotoa maua kwenye matawi ya msimu uliopita. Kila tawi likatwe kwa mkasi mkali, juu kidogo ya jicho la tawi, yaani pale chipukizi linapotokea, linaloelekea nje. Mkataji avae glavu na akinge macho, na matawi yafukiwe shimoni, yasichomwe.