Mtihani wa kipaimara unapima kumbukumbu tu

Ndugu mwandishi, katika makala yako unalaumu vijana wa Kigoma kwa kupokea kipaimara, sakramenti ya Kikatoliki ya kuimarisha neema ya ubatizo, kwa sababu tu wazazi walipokea. Kurithi si kosa. Imani imepokezanwa hivyo tangu Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, wafike Ujiji mwaka 1879. Kasoro iko kwenye mtihani: mtoto anatiririsha majibu ya katekisimu kama kasuku, anapita. Kanuni ya 889 ya Sheria za Kanisa Katoliki inadai afundishwe, awe tayari moyoni, aweze kurudia ahadi za ubatizo. Utayari huo nani anaupima? Katekista, yaani mwalimu wa dini, amuulize mtoto faragha, mzazi akiwa nje: “Ukiahirisha, nyumbani patakuwaje?” Akijibu kwamba nguo imeshashonwa na ng'ombe yupo, aahirishwe kweli. Na msimamizi wa mtoto katika kipaimara, ambaye kwa kawaida hutakiwa awe ametimiza miaka 16 na mwenye kipaimara, asichaguliwe kwa unene wa bahasha.