Chupa ya chai kwenye uwanja wa shabaha

Huku Marekani, ukimwona mzee kwenye uwanja wa shabaha ana chupa ya chai kando ya bunduki kuukuu, usidhani ni chai. Ni maji yaliyochemka. Akimaliza kupiga, anachomoa bolti, lile komeo la chuma linaloifunga bunduki kwa nyuma, anaweka faneli nyuma ya chemba, yaani tundu linakokaa risasi, na kumimina maji yatokee mdomoni. Fataki za risasi za zamani za kijeshi, yaani vile viwashio vya nyuma ya ganda, huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na kufikia asubuhi chuma kimeanza kuota kutu. Mafuta hayaitoi. Huyeyushwa na maji, kisha hupita kitambaa kikavu, kisha mafuta, na kesho yake kitambaa kingine cha kuhakikisha.

Maji hayo yananifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma mwaka 1944 walibeba bunduki za .303, na jeshi la Mwingereza lilifundisha usafi huohuo wa maji ya moto. Yaani babu zetu walilijua jambo hili kabla ya wengi wa wazee hawa wa huku kuzaliwa. Sisi wajukuu tunaijua bunduki kwa upande mmoja tu, wa mdomo, kwenye kizuizi cha barabarani usiku.

Chukua Lee-Enfield No. 5, .303 fupi ile wanayoiita karabini ya msituni, iliyotengenezwa Fazakerley na Shirley, Uingereza, kati ya 1944 na 1947. Walichukua No. 4, bunduki ndefu ya kawaida ya askari wa Mwingereza, yenye uzito wa kilo 4 hivi, wakafupisha mtutu, wakakwangua chuma, hata kifundo cha bolti wakakitoboa, ikabaki kilo 3.2 hivi. Risasi haikupunguzwa. Ule uzito uliotolewa ndio uliokuwa ukimeza teke, yaani ile nguvu ya bunduki kurudi nyuma ikipigwa. Juu ya hayo, kitako kikapachikwa mpira mwembamba ambao leo, baada ya miaka 80, ni mgumu kama akala, na nguvu yote inatua mahali padogo begani.

Kwa hiyo vika mpira mwingine juu yake. Ule wa asili usiutupe, maana ni sehemu ya thamani ya bunduki. Kitako kikae kwenye bonde lililo chini ya mtulinga, si juu ya mfupa wala kwenye msuli wa mkono. Kivute kwako kabla hujagusa triga. Pengo la kidole kimoja tu kati ya kitako na bega linatosha kuacha alama, kwa sababu bunduki imepata nafasi ya kushika kasi. Shavu ligandamane na mbao, dole gumba likae mbali na pua. Piga ukiwa umesimama, mwili umeinama mbele kidogo. Ukilala kifudifudi bega halina pa kurudi. Mtutu mfupi wenye faneli ya kuficha mwali una kishindo kikali, basi ziba masikio mara mbili, vizibo ndani na vifuniko juu. Risasi 15 au 20 zinatosha kwa siku. Ukishaanza kukosa, mwambie mwenzako achanganye risasi bandia na halisi bila wewe kujua mpangilio. Ikifika ya bandia utaona mdomo wa bunduki ukizama. Hapo ni mwili unaolikimbia teke.

Kwenye magazini, ukingo uliotokeza nyuma ya ganda la risasi ya juu ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukikaa nyuma, zinashikana na bunduki inakwama. Kilengeo cha kivita kimepimwa kwa yadi 300, kwa hiyo kwa yadi 100 utapiga juu. Lenga chini.

Kabla ya kununua, namba ya bolti ilingane na ya mwili wa bunduki. Tafuta pia ule mkwanguo chini ya mtutu, karibu na chemba, kwa kuwa No. 4 nyingi zilikatwa baada ya vita zikauzwa kwa jina hilohilo. Kisha kipimo cha nafasi kati ya bolti na chemba, kwa vipande vya chuma vinavyoingizwa mahali pa risasi: kwa kipande cha inchi 0.064 bolti lazima ifunge, kwa 0.074 isifunge. Ikifunga, ganda hunyooka na linaweza kukatika karibu na msingi wake. Dalili ni mstari unaong'aa unaolizunguka. Vichwa vya bolti vina namba 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, na kubadilisha kichwa mara nyingi humaliza tatizo.

Kipimo hicho kinauzwa dukani kwa yeyote. Ukiuliza, mtu usiyemjua anakueleza nusu saa nzima. Nyumbani Kenya ukiuliza swali hilo hadharani, jioni unaletewa wageni.

Najua nitakavyojibiwa. "Umeona theluji miaka miwili, sasa unatufundisha bunduki." Sifundishi mtu kujipa silaha, wala sitaki duka la bunduki sokoni Gikomba, Nairobi. "Huko watoto wanauawa madarasani." Ni kweli, na hakuna usafi wa mtutu unaofuta damu hiyo. Nchi hii imeshindwa vibaya hapo. Lakini kujua chombo kinavyofanya kazi ni jambo moja, na kukimwaga mitaani ni jingine.

Na asiniambie mtu kwamba chuma si jambo letu. Wapiganaji wa Mau Mau waliunda bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na vipande vya mpira, wakawakabili msituni askari waliokuwa na karabini hizihizi za No. 5. Baadhi ya bunduki hizo za mikono yetu zimehifadhiwa London, na Mwingereza ndiye anayezieleza. Mwaka 1957 Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa kwa shtaka la kupatikana na bastola. Woga wetu wa kulitaja neno bunduki unatoka mbali, nauelewa. Ila hasira yangu ni kwamba woga huo umezika na yale ambayo wazee wetu walijua.

Wachache waliovaa sare za Keya miaka ya mwisho kabla ya uhuru bado wako vijijini. Kama kwenu yupo, mwamkie, kaa naye, umwulize maji ya moto yalikuwa ya nini.