Pandeni miti, sawa, ila mlinzi wa parokia ana mkataba?

Kila ikifika wiki ya Laudato Si', ile ya Kanisa Katoliki ya kutunza mazingira, picha ni zile zile. Paroko kashika koleo, wanakwaya wana fulana mpya, bango nyuma limeandikwa tutunze mazingira nyumba ya wote, na chupa za maji za plastiki zimetapakaa chini ila anayepiga picha anajua pa kukata. Mi sina ugomvi na miti jamani, pandeni hata mia. Ninayemwangalia ni yule jamaa wa pembeni mwenye ndoo, yule ambaye wote wakishaondoka ndo atabaki kumwagilia hiyo miche asubuhi na jioni, na usiku ndo huyo huyo mlinzi, na ukimuuliza mkataba wako uko wapi anacheka tu.

Kwa maoni yangu mafundisho jamii ya Kanisa, yaani yale ya haki, kazi na maskini, yaanze kupimwa hapo hapo, ndani ya geti la parokia, kwa mlinzi na mpishi wa mapadre na katekista na mama anayefua vitambaa vya altare, kabla hatujatoa tamko kuhusu serikali au makampuni makubwa yanayochafua mito.

Na hili silitoi kichwani. Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo XIII alitoa Rerum Novarum, waraka wake kuhusu wafanyakazi, enzi hizo viwanda vya Ulaya vinawatumikisha watu mpaka wanachakaa, watoto nao humo humo, na hoja ya wenye mali ilikuwa ni ile ile tunayoijua, kwani si alikubali mwenyewe? Papa Leo akasema sawa, mwajiri na mfanyakazi wapatane kwa hiari yao, lakini kuna haki ya asili iliyo juu ya mapatano yoyote, kwamba mshahara usishuke chini ya kile kinachomtosha mfanyakazi anayeishi kwa kiasi, na mtu akikubali masharti magumu kwa sababu amebanwa na shida au anaogopa yatakayomkuta akikataa, hapo ametendewa kwa nguvu na amedhulumiwa. Yaani saini yake haikusafishi wewe uliyemsainisha. Zaidi ya miaka 130 imepita na bado nawasikia waumini, tena wa benchi la mbele kabisa, wakisema "alikubali mwenyewe" kuhusu dada wa kazi anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza.

Sisi Wakatoliki tuna na toleo letu la hiyo hoja, tamu zaidi, linaitwa utume. Katekista anafundisha watoto, anaongoza ibada padre asipofika, anazika, anatembelea wagonjwa, halafu likija suala la posho anaambiwa Mungu atakulipa. Mungu atamlipa ndiyo, lakini ada ya mtoto wake shuleni hailipwi kwa baraka. Kujitolea kupo na ni kuzuri sana, ila anayejitolea ni yule anayeweza kusema wiki hii siwezi na hakuna anayemnunia. Ukimpangia saa za kuingia na kutoka na ukamkaripia akichelewa, huyo umemwajiri, tusizungushane.

Maaskofu wenyewe walishaliona hili. Sinodi ya mwaka 1971, yaani mkutano wao na Papa, kwenye hati yao kuhusu haki duniani, walisema wazi kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki lazima kwanza aonekane mwenye haki machoni pao, na hawakuishia kwenye maneno mazuri, wakataja kabisa kwamba walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, wanaolitumikia Kanisa kwa kazi zao walipwe ujira wa haki na wawe na nafasi ya kupanda. Miaka kumi baadaye Papa Yohane Paulo II kwenye waraka wake kuhusu kazi, Laborem Exercens, akasema mshahara wa haki ndo kipimo cha kujua mfumo mzima wa uchumi una haki au hauna. Kipimo chenyewe ni slipu ya mshahara bana, na wengine hata hiyo slipu hawajawahi kuiona.

Sasa mtu ataniuliza mazingira yameingiaje hapo. Yameingia sana tu. Wengi wanadhani Laudato Si' ya Papa Fransisko, ile ya 2015, ni waraka wa miti na hewa, kumbe sura ya tatu ina sehemu nzima ya kazi na ajira, na waraka wote unarudia kwamba hatuna majanga mawili, moja la mazingira na lingine la jamii, ni janga moja. Kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja. Na ni jambo la zamani kuliko mapapa wote, fungua Kutoka sura ya 23 uone, aya zinafuatana, shamba lipumzike mwaka wa saba ili maskini wapate kula, siku ya saba ng'ombe na punda wapumzike, na mtoto wa mjakazi na mgeni nao wapate nafasi ya kupumua. Ardhi, mnyama na mtumishi wamewekwa mahali pamoja. Halafu sisi mche tunauwekea kivuli usiungue na jua, mlinzi hana hata siku moja ya ofu.

Najua jibu, parokia haina hela. Zingine kweli hazina, na sisemi kila padre ni mdhalimu, wapo wanaokula sahani moja na mpishi wao. Ila hela ikiwa kidogo punguza saa, basi, usimdai mtu siku nzima kwa malipo ya nusu siku. Mwandikie mkataba, karatasi haina gharama. Mwite kwenye kikao cha bajeti aseme mwenyewe, maana kanuni ya auni tunayoihubiri ndo hiyo, wa chini asiamuliwe kila kitu na wa juu. Na kabla ya mchango wa mnara mpya wa kengele, kamati ya fedha isome mbele ya waumini wote, pale pale baada ya matangazo, nani anafanya kazi hapa, kwa saa ngapi, na analipwaje.