Mikoko: tuipande, au tuifungulie njia irudi yenyewe?

Mkoko una uwezo wa kujipanda. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, hudondoka ikiwa kijiti cha kijani chenye urefu unaozidi sentimita 30, huelea na maji, kisha hujishikiza tope linapoikubali. Kwa hiyo, ufuko uliokatwa miti ukibaki mtupu miaka nenda rudi, cha kuuliza kwanza ni kitu gani kinaizuia mbegu isishike.

Wanaopinga upandaji wa pupa huanzia hapo, na hoja yao ni nzito. Mara nyingi tatizo ni maji: tuta la barabara au la shamba la chumvi limeziba kijito, hata bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, haifiki ndani, chumvi inajikusanya. Kijito kikizibuliwa, na miti mama ikiwa jirani, miche huja bila kitalu, tena kila aina ya mikoko kwa mpangilio wake: mlilana mbele baharini, mkoko wenyewe (ule wa mbegu ndefu) nyuma yake, mkandaa na mchu kuelekea nchi kavu. Kule Mwache, karibu na Mombasa, mvua za El Niño za 1997–98 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukafukia mizizi ya kupumulia, na miti ikafa imesimama. Pale panapoendelea kufukiwa namna hiyo, kuchomeka mbegu mpya kabla ya kudhibiti mmomonyoko wa huko juu ni kuzipoteza.

Lakini kusubiri nako kuna mipaka. Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko ilifyekwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani, na sehemu zilizo wazi kwa mawimbi hazikurudi. Upandaji ulioanza miaka ya 1990 ndio uliozirudishia miti. Leo mradi wa Mikoko Pamoja wa hapohapo huuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu, na fedha huingia kwenye maji na shule za vijiji.

Kazi yenyewe si ngumu. Chukua mbegu iliyoota shingo ya manjano chini ya tunda, tupa yenye matundu ya wadudu, chomeka theluthi yake huku chipukizi likitazama juu. Kwa nafasi ya mita moja kila upande, hekta hubeba miche 10,000.

Kinachoharibu ni mahali. Ardhi ya juu, inayofaa, imeshikwa na mashamba ya chumvi, au na mpunga kama kule delta ya Rufiji. Kuidai ni ugomvi. Basi miche hupelekwa kwenye tope la chini lisilo na mwenyewe, linalozama sehemu kubwa ya siku, au juu ya nyasi bahari ambazo zenyewe ni malisho ya samaki. Ufilipino walipanda namna hiyo kwa miaka mingi na sehemu kubwa ya miche ikafa. Kosa jingine ni kupanda mkoko mahali pa mlilana, kwa sababu tu mbegu ya mkoko ni kubwa na rahisi kushika, ilhali ya mlilana ni ndogo mno na inahitaji kitalu.

Mimi naegemea kuzibua maji kwanza, na kupanda pale tu ambapo mbegu haifiki au haishiki. Na mfadhili anayelipia upandaji alipie miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, ikihesabiwa maji yakiwa yamekupwa, badala ya miche iliyochomekwa siku ya kwanza.