Pistoni hazifai kuishia kwenye sufuria

Juzi nilipita kwa fundi mmoja wa kusubu pale Ngamiani, Tanga, nikamkuta amejaza karai zima pistoni chakavu za bodaboda. Pembeni kuna vipande vya fremu za madirisha na makopo ya soda yaliyopondwa. Vyote vinangoja chungu kimoja, vitoke sufuria za shughuli.

"Si alumini zote hizi, mwanangu?"

Alumini ndiyo, mzee wangu, lakini kilichotiwa ndani ndicho chenye kazi. Alumini tupu ni laini. Fremu ya dirisha ina magnesiamu na silikoni, kila moja haifiki hata asilimia 1 hivi. Pistoni ina silikoni karibu asilimia 12, kopa, magnesiamu, na mara nyingi nikeli, kwa kuwa maisha yake ni motoni.

Kwenye moto huo, kopa na magnesiamu peke yake hazitoshi. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alipasha moto alumini yenye vitu hivyo, akaipoza ghafla, na baada ya siku chache akakuta imezidi ugumu yenyewe. Ndani yake hujitenga chembe ndogo mno zinazozuia tabaka za metali zisiteleze. Sasa iweke muda mrefu kwenye nyuzi 200 na zaidi: chembe zinafanya kama matone ya mafuta juu ya mchuzi, madogo yanamezwa na makubwa. Zinabaki chache, zimeachana, na ugumu umekwisha. Dawa ni elementi zinazotembea polepole ndani ya alumini. Skandiamu huhimili hadi karibu nyuzi 300, na zikoniamu huizungushia chembe ganda isikue. Ila bei ya skandiamu haishikiki.

Nikeli, nayo ya kuhimili moto, tunayo tayari, imekuja ndani ya pistoni iliyokufa, nasi tunaizamisha kwenye makopo ya soda! Ikishachanganyika huitoi tena. Na zile pete na pini za chuma zisizochomolewa ndizo mbaya zaidi: chuma kikiyeyukia humo hujenga vibapa vyembamba, na kitu kinapasuka kirahisi.

Mimi nasema mafungu matatu yanatosha, pistoni zikae peke yake na zisubiwe tena kuwa vipuri. Fundi amekubali kunitengea kiroba kimoja. Anasema kiroba nacho kitalipa pango.