Mazingira kwa watoto wa chekechea uswahilini: somo au mzigo?

Katika shule nyingi za awali za Dar es Salaam, somo la mazingira linaanza na ufagio wa chelewa. Watoto wanafagia uwanja asubuhi, majani makavu yanasogezwa pembeni pamoja na vifungashio vya pipi na karanga, kisha mtu mzima anawasha kiberiti. Nusu saa baadaye uwanja unang'aa, na watoto wamejifunza kwamba kutunza mazingira ni kufagia na kwamba taka huisha kwa kuchomwa. Mafunzo yote mawili ni potofu. Majani yaliyochomwa ndiyo malighafi adimu kuliko zote kwa anayetaka kutengeneza mboji (mbolea ya mabaki yaliyooza) mjini, na moshi wa plastiki unavutwa na mtoto wa miaka mitano.

Kwa hiyo swali la kama tuwafundishe watoto wadogo mazingira limekwisha kujibiwa na ufagio: wanafundishwa kila siku, vibaya. Linalobaki ni nini kiwekwe mahali pake, na kiasi gani cha mzigo huo ni haki kumtwisha mtoto anayeishi Manzese, Tandale au Mburahati, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba maji ya kufulia ya jirani yanapita mlangoni pako.

Wanaopinga wana hoja nzito, na wengi wetu tunaopenda bustani za shule tunazipita haraka mno. Familia inayopanga chumba kimoja hununua mafuta ya kupikia kwa kipimo na sabuni ya unga kwa pakiti ndogo kwa sababu fedha inapatikana kwa siku. Taka nyingi za vifungashio zinatokana na kipato hicho cha siku kwa siku, wala si uzembe. Familia hiyo hiyo inakula kiporo, inatumia chupa ya maji mpaka ipasuke, inauza chuma chakavu, na nguo ya kaka inarithiwa na mdogo wake. Ukimfundisha mtoto wake kwamba plastiki ni dhambi bila kuzitaja tabia hizo, unampa sababu ya kuwaonea aibu wazazi wasiostahili aibu.

Kuna pia suala la nani anawajibika. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliwaua watu na kuwahamisha wakazi wa bonde la Msimbazi, baadhi wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mitaro iliyoziba ilichangia, ndiyo, lakini mitaro, magari ya taka na mipango ya makazi ni kazi ya halmashauri na serikali ya mtaa. Bango la chekechea linalosema "mtoto okoa dunia" linahamisha deni kutoka kwa mwenye mamlaka kwenda kwa asiyefikia hata kitasa cha mlango.

Na gharama. Kenya ilipoanzisha mtaala wa umilisi, unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, mwaka 2017, wazazi wengi walilalamikia orodha za vifaa vya kazi za mikono. Jambo hilo hilo hutokea popote shule inapoagiza "kila mtoto alete chupa tatu za plastiki kesho": nyumba isiyokunywa soda inalazimika kununua soda ili ipate taka. Zoezi la kupunguza taka limeongeza taka.

Pamoja na hayo yote, kuacha kufundisha kuna gharama yake. Mtoto wa mji uliobanana anaweza kufika darasa la pili akijua kwamba mchicha hutoka gengeni, bila kuona mbegu ikipasuka. Umri wa miaka minne hadi sita ndio anaozoea kwa mikono: kunawa, kumwagilia, kusubiri. Hahitaji kuelewa mabadiliko ya tabianchi. Anahitaji mzunguko mmoja mfupi unaokamilika mbele ya macho yake, ganda la ndizi liwe udongo, udongo uote mboga, mboga iingie sufuriani. Mwenye kuuona mzunguko huo hana haja ya kutishwa.

Hapa ndipo utekelezaji unapoamua nani ana haki, kwa sababu bustani ya chekechea ikifanywa ovyo, hoja za wapinzani zinashinda.

Anza na maji. Shule isiyo na mahali pa kunawia isiwape watoto udongo kabisa. Kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo karibu na juu, likaning'inizwa kwenye mti wa mlalo, kamba ikafungwa kwenye kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kikatundikwa pembeni. Darasa la watoto 60 linahitaji angalau viwili, la sivyo foleni inakuwa ndefu na wa mwisho wanakwepa. Chini ya kibuyu weka kokoto ili pasigeuke tope. Viatu ni lazima wakati wa bustani, kwa kuwa minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya nyayo.

Udongo wenyewe usichukuliwe pembeni mwa gereji, kwenye kingo za barabara kubwa, wala kwenye mabonde yanayopokea maji machafu. Petroli yenye risasi (madini ya sumu, lead kwa Kiingereza) iliondolewa katika nchi zetu kufikia 2006, lakini risasi haiozi, inabaki palepale ilipotua. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi kwenye udongo na katika damu za watoto. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo anafyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na mtoto wa miaka minne humeza udongo hata ukimkataza. Nunua udongo wa bustani kwa mtu unayejua anakoutoa, hata kama ni debe nne tu.

Kwa nafasi finyu, gunia linafaa. Chukua gunia la kilo 50 na ulijaze nusu, yaani liishie kiunoni kwa mtoto. Lililojazwa lote litamshinda kufikia juu na linaweza kumwangukia. Changanya debe mbili za udongo na debe moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza miche na inabeba vimelea. Katikati simamisha kopo lisilo na kitako, lijaze kokoto, zungushia mchanganyiko, kisha vuta kopo juu na ujaze tena, mpaka nguzo ya kokoto ifike juu. Bila nguzo hiyo maji yanaishia juu, na miche ya ubavuni, ile iliyopandwa kwenye matundu ya gunia, inakauka huku ya juu ikioza. Gunia la nailoni linachanwa na jua. Baada ya mwaka mmoja au miwili linaanza kumeguka vipande vidogo vinavyoingia kwenye udongo. Libadilishe kabla halijafikia hapo, na uliweke mahali penye jua la moja kwa moja kwa muda wa saa tano hivi kwa siku.

Panda mchicha. Wengi hupenda kuanza na nyanya kwa sababu matunda yake yanapendeza, lakini nyanya inachukua miezi, inashambuliwa na ukungu, na likizo inaikuta katikati. Mchicha unachipua kwa siku tatu hadi tano na unavunwa wiki ya tatu au ya nne, muda ambao uvumilivu wa mtoto unaweza kuubeba. Ukisia wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, unavuna kabla haijafungwa. Mbegu ni ndogo mno kwa vidole vya watoto, hivyo changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu.

Kinachoua miche mingi ya chekechea ni upendo. Watoto 60 wakimwagilia kila mmoja kwa zamu yake, udongo unakuwa uji na shina linanyauka usawa wa ardhi. Wakulima wanauita ugonjwa huo kinyausi. Tumia chupa ndogo ya robo lita iliyotobolewa kifuniko, kundi la watoto wanane kwa siku, chupa moja kila mtoto, basi.

Mboji ni ngumu zaidi, na hapa shule nyingi hukata tamaa kwa sababu ya harufu. Ndoo ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kula, si rangi wala kemikali, itobolewe matundu kitakoni na ubavuni. Majani makavu yatangulie unene wa kiganja, kisha kila bakuli moja la maganda lifuatwe na mabakuli mawili ya majani. Ndiyo, majani yale yale ya ufagio wa asubuhi. Geuza kila Ijumaa. Harufu ya yai viza inamaanisha maji mengi na hewa kidogo: ongeza majani, geuza. Siafu au sisimizi wengi ni dalili ya ukavu. Samaki, nyama na mabaki yenye mafuta visiingie, vitaita panya. Nepi na kinyesi cha mnyama visiingie pia, maana ndoo ndogo haipati joto la kuua vimelea kama lundo kubwa. Miezi miwili hadi mitatu, mboji iko tayari.

Kuna pambo moja la chekechea za mjini ambalo tungependa liondoke: matairi ya gari yaliyopakwa rangi na kufukiwa nusu uwanjani. Mvua ikinyesha yanashika maji, na mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue, anahitaji wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue 2014 na tena 2019. Kama matairi lazima yabaki, yatobolewe chini. Visahani vya maua na vikopo vya ufundi navyo vimwagwe kila Ijumaa, na watoto wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko wakubwa, kwa kuwa wanaviona vilivyojificha.

Kuhusu plastiki, wakweli tuwe. Mifuko mbadala iliyoenea Tanzania baada ya katazo la mifuko ya plastiki la 1 Juni 2019 mingi ni plastiki ya aina nyingine, ingawa inashikika kama kitambaa. Mtoto asiambiwe ni nguo. Wala asifundishwe kutenganisha taka katika mapipa manne ya rangi kama gari la taka linakuja kumwaga yote pamoja mbele yake. Atajifunza kwamba walimu wanaigiza. Mafungu mawili yanatosha: kinachooza kinakwenda kwenye ndoo, chupa zinawekwa kwenye kiroba apewe muokota makopo anayepita mtaani, ambaye watoto wanapaswa kumjua kwa jina na kumsalimu shikamoo.

Tukipima pande zote mbili, tunaegemea kufundisha, kwa masharti. Kazi isizidi dakika 20 kwa siku, isitumike kamwe kama adhabu, na nyumbani pasitakiwe kitu chochote cha kununuliwa. Ahadi za kubadilisha familia ziachwe. Kamati ya shule ndiyo ipeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa barua ya mtaro uliokufa na ratiba ya gari la taka, ikiwa na saini za watu wazima. Shule isiyo na maji ya uhakika isubiri gunia na ndoo, lakini inaweza kuweka kiberiti kando kesho asubuhi na kulundika majani yake kwenye kona yenye kivuli.