Mama Mkwe na Namba Nyekundu

Huku Houston, mzee aliyefanya kazi NASA, shirika la anga la Marekani, akifariki, watoto hufungua mlango na kuuza kila kitu, kuanzia sufuria hadi albamu. Ndiko nilikoipata picha yangu: Dunia nzima ilivyoonekana kutoka Apollo 17, chombo kilichokuwa kikienda Mwezini, tarehe 7 Desemba 1972. Dola 15, na birika nikaongezewa.

Utasema picha hiyo hata wewe unayo kwenye simu. Kweli. Wanaanga watatu, Cernan, Evans na Schmitt, wote wanatajwa kuwa wapigaji, na NASA inaigawa bure. Wakusanyaji wa picha za zamani wanalipia karatasi yenyewe. Chapa za rangi zilizosafishwa miaka ileile mara nyingi zina namba nyekundu kwenye ukingo mweupe wa juu, na mgongoni maandishi hafifu: "A Kodak Paper". Yangu ilikuwa navyo vyote. AS17-148-22727, nyekundu, haijafifia! Nikaitia kwenye bahasha juu ya kabati, Jumamosi niipeleke kwa mthamini.

Sasa, mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na mama huyu hawezi kukiona kitu kimekaa ovyo akakipita.

Ijumaa natoka kazini, namkuta sebuleni, uso umemchangamka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone."

Picha imepigwa lamineshini. Ile ya moto, ya vyeti vya shule. Ukingo mweupe haupo. Umekatwa kwa mkasi wa mjukuu wake, kwa hiyo upande wa Antaktika umetoka mawimbi-mawimbi.

"Ilikuwa inajikunja," akaeleza. "Halafu juu kuna manamba mekundu kama daftari la mtoto aliyefeli. Nikayaondoa. Na kwetu nimekutilia alama."

Nikainama. Ndani ya plastiki, pwani ya Afrika Mashariki, kitone cha kalamu ya bluu. Tanga. Ila kimeteleza kidogo, kiko baharini.

"Mama, hapa si kama Pemba?"

"Sikuwa na miwani."

Mke wangu jikoni alikuwa ameshikilia mlango wa friji, mabega yanamtikisika, sauti haitoki. Mkwe hagombezwi, nanyi mnajua. Nikasema ahsante mama, imependeza, na kile kipande cha namba kiko wapi? Akanionyesha: kakiandikia simu ya shoga yake wa Dallas, kisha kakikunja mara nne na kukifunga kwenye pindo la kanga.

Kesho yake akataka tufuatane kwa mthamini. Yule bwana alivaa glavu zake nyeupe za pamba, akaigusa picha, akazivua. Akaigeuza, akayasoma maneno ya Kodak kupitia plastiki, akatikisa kichwa. Gundi ya moto ikishashika karatasi, akasema, ukiibandua inatoka na rangi. Kisha akataja bei ambayo ingefika mnadani kama ingebaki na ukingo wake. Hiyo siiandiki, mke wangu husoma ninachoandika.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema plastiki imeiondolea thamani, mama."

Akamtazama yule bwana kuanzia viatuni hadi usoni, kama muuza samaki anayepimwa na mteja mgumu.

"Mwambie plastiki peke yake tumelipa dola 3. Aanzie hapo."